Mkojo wa mama zetu: kutoka shayiri ya Misri mpaka Panzi

Ndugu na dada wa chama, mnanijua kwa habari za mbegu, mbolea na ugonjwa wa migomba. Leo naomba ruhusa niongee juu ya mkojo. Najua kuna watakaocheka, na kuna watakaosema hii ni kazi ya wenzetu wa medisini. Lakini mada hii ilinikuta shambani, si mimi niliyeitafuta.

Ilikuwa msimu wa A, mwezi wa tisa, huko Kabare. Tulikuwa na kikundi cha wamama tukipanda maharagi kwa mistari, na mimi nilikuwa na kikaratasi changu cha kuhesabu muda wa kazi. Kuna mama mmoja, mwembamba, mchapakazi kweli, alikuwa anaacha mstari kila mara na kuingia kwenye migomba. Kwa sababu nilikuwa nahesabu, nilihesabu na hiyo. Kabla ya saa sita mchana alienda mara 9. Mtu mzima mwenye afya, mchana mzima kutoka kuamka mpaka kulala, kwa kawaida haendi zaidi ya mara 7 ao 8.

Wamama wengine walikuwa na maelezo tayari. Mmoja alisema: "Ule iko na mimba, njo maana." Mwingine akasema wamemroga. Wa tatu akainama karibu yangu, sauti chini: "Dada, mi naona iko na ile ya Panzi."

Hilo la tatu ndilo lililonifanya nianze kusoma. Mtu wa Bukavu anaelewa mara moja maana yake. "Ile ya Panzi" maana yake ni kwamba walimbaka, akatoboka, na sasa mkojo haukai. Mama yule hakuwa anavuja hata tone, alikuwa anaenda na kurudi kwa miguu yake. Lakini siku ile kikundi kizima kilishamwandikia historia ambayo hakuiishi, na yeye alijua wanaongea nini, maana kutoka saa nne alikataa hata kikombe cha maji. Kwenye jua la Kabare, akiwa ameinama na jembe.

Sasa twende kwenye historia, nianze na kitu cha watu wa agronomi.

Wamisri wa kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, waliandika juu ya papirusi namna ya kujua kama mwanamke ana mimba. Anakojolea kila siku ngano na shayiri. Zikiota, ana mimba. Ni mtihani wa kuota mbegu, ule ule tunaofanya laboratwari mwaka wa kwanza, ila maji yamebadilishwa. Mwaka 1963 watafiti huko Misri walijaribu jambo hilo tena kwa uzito, na wakakuta mkojo wa wanawake wenye mimba uliacha mbegu ziote karibu mara 7 kwa 10, wakati ule wa wanaume na wa wanawake wasio na mimba uliziua. Ile sehemu nyingine, ya kujua kama ni mvulana ao msichana kwa kuangalia ni mbegu gani imeota, haikufanya kazi. Mimi ningependa sana kurudia jaribio hilo kwa maharagi yetu, lakini sijui nitaanzaje kuwaomba wamama mkojo.

Kwa hiyo yule wa kwanza aliyesema "iko na mimba" hakuwa mjinga. Mimba kweli inakojoza. Figo za mama mjamzito zinachuja damu karibu nusu zaidi ya kawaida, na tumbo la uzazi likikua linakalia kibofu kama gunia juu ya chupa ya plastiki. Na sababu inayopatikana kila siku, kuliko zote, ni infeksio. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi, ya mwanaume karibu 20, na ya mwanamke iko jirani kabisa na pahali pa haja kubwa. Bakteria anayesababisha nyingi ya infeksio hizi alielezwa mwaka 1885 na daktari wa watoto, Theodor Escherich, ndiye aliyempa jina lake: E. koli, ule ule tunaoutafuta kwenye maji ya kisima. Umbali wa sentimita 4 kwa bakteria ni safari fupi. Mkojo unauma, unachoma, unakuja kidogo kidogo. Kabla ya dawa za salfa za miaka ya 1930 mtu alikuwa anakunywa majani na kungojea.

Sasa niende kwenye lile la tatu, sababu hapo ndipo mji wetu umeingia kwenye historia ya dunia.

Fistula si kukojoa kila mara. Fistula ni kutokukojoa kabisa: mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana, kwa sababu kuna tundu kati ya kibofu na uke. Tundu hilo linapatikana hasa kwa kuzaa. Mtoto anakwama, kichwa chake kinakandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga siku moja, mbili, tatu. Nyama inakosa damu, inakufa, kiisha inaanguka. Mara nyingi mtoto pia anakuwa amekufa. Mama anaamka bila mtoto, akiwa na harufu, na mwisho wa mwezi bwana ameenda. Ni ugonjwa wa zamani sana. Mwaka 1935 walipochunguza mwili wa Henhenit, mwanamke wa nyumba ya mfalme wa Misri aliyeishi miaka 2,000 hivi kabla ya Yesu, walikuta tundu hilo. Yaani hata jumba la mfalme halikumsaidia.

Namna ya kulishona ilipatikana Marekani, na sipendi namna ilivyopatikana. Kati ya 1845 na 1849, mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, daktari J. Marion Sims alikusanya wanawake watumwa wenye fistula nyuma ya nyumba yake na kuwapasua, tena na tena, bila dawa ya usingizi. Majina 3 yamebaki: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alikuwa msichana wa miaka 17 hivi, akapasuliwa karibu mara 30. Eta, dawa ya usingizi, ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, katikati ya majaribio hayo, hakuitumia kwao. Mwisho alitumia uzi wa fedha badala ya hariri, kidonda kikashika, mwaka 1852 akaandika, akawa maarufu, akajengewa sanamu New York. Mwezi wa nne 2018 sanamu hiyo iliondolewa kwenye bustani ya Central Park. Miezi 6 baadaye, mwezi wa kumi mwaka ule ule, tuzo ya Nobeli ya amani ilitangazwa kwa mtu wa Bukavu anayeshona tundu hizo hizo. Hakuna aliyepanga hiyo. Mimi naiona tu kwenye kalenda.

Barani Afrika jina la kwanza ni Addis Ababa. Catherine Hamlin na bwana yake Reginald, wote madaktari, walifika Ethiopia mwaka 1959, na miaka ya 1970 wakafungua hospitali ya fistula peke yake. Catherine alibaki huko mpaka kufa kwake 2020, akiwa na miaka 96.

Kwetu hadithi inaanza Lemera, huko juu kwenye milima inayoangalia uwanda wa Ruzizi. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu tarehe 1 mwezi wa tatu 1955, mtoto wa pasteri wa Wapentekoste, na tangu utoto alikuwa anamfuata baba yake kuombea wagonjwa. Alimaliza medisini Burundi mwaka 1983 na akaenda Lemera kama daktari wa watoto. Lakini aliona wamama wanaofika wakibebwa, wametoka mbali, wanatoka damu, wengine wamechelewa siku nzima. Mwaka 1984 akaenda Angers, Ufaransa, kusoma uzazi, na 1989 akarudi Lemera. Pale angeweza kubaki Ulaya, na sisi tuliosoma hapa tunajua jinsi watu wanavyoona mtu anayerudi.

Tarehe 6 mwezi wa kumi 1996, mwanzo wa vita, hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wagonjwa wakiwa vitandani, na wauguzi pamoja nao. Yeye hakuwa pale siku ile. Mwaka 1999 Panzi ilianza, upande wa kusini wa mji, chini ya kanisa la CEPAC na kwa msaada wa Wapentekoste wa Sweden. Ilipangwa iwe nyumba ya kuzalishia, basi, wamama wa Bukavu wasife kwa kukosa pahali pa kupasuliwa. Lakini mgonjwa wa kwanza aliyepokelewa hakuwa anazaa. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Baada yake walikuja wengine, na wengine, na jina la Panzi likabadilika maana duniani na hapa nyumbani.

Mwezi wa kumi 2012 watu wenye silaha waliingia kwake, mlinzi wake akauawa, yeye akaponea na kuondoka nchini. Kilichomrudisha mwezi wa kwanza 2013 nakipenda kwa sababu ya kazi yangu: wanawake waliuza mananasi na vitunguu ili kumlipia tiketi ya ndege. Mtu anayejua bei ya vitunguu sokoni Kadutu anajua hiyo ni mistari mingapi ya shamba. Mwaka 2015 alitetea udaktari wake wa utafiti Brussels, juu ya fistula zinazotokana na majeraha hapa mashariki ya Kongo, namna ya kuzipanga na kuzitibu.

Na hapa kuna hesabu ambayo ningetaka ibandikwe kwenye kila soko la Bukavu. Mwaka 2008 yeye na wenzake wa Panzi na Norwe waliandika juu ya wanawake 604 waliotibiwa fistula pale Panzi kati ya 2005 na 2007. Waliosema fistula yao inatokana na kubakwa walikuwa 24. Asilimia 4. Na ndani ya hao 24, waliotobolewa moja kwa moja na tendo lenyewe walikuwa 5; kati ya waliobaki, kuna ambao ilikuwa kwa kuzaa mimba ya kubakwa, ao kwa upasuaji uliofanywa vibaya. Hiyo haipunguzi chochote kwa mateso ya walioumizwa. Wengi walibakwa bila kupata fistula, na Panzi imewatunza kwa maelfu. Lakini inamaanisha kwamba hata mwanamke anayevuja kweli kweli, mara nyingi sana alivunjwa na barabara mbaya, na kituo cha afya kisicho na mpasuaji, na saa nyingi za kuzaa. Vita vimo ndani ya barabara hiyo pia, sikatai. Ila jirani anayenong'ona "ile ya Panzi" anakosea mara mbili: anachanganya anayekojoa mara nyingi na anayevuja, kiisha anachanganya anayevuja na aliyebakwa. Sifa ya Panzi, ambayo tunajivunia wote, imetupa pia neno la kuwafunika wamama wetu. Mwanamke anayeogopa neno hilo anakaa nyumbani na dalili yake.

Nirudi Kabare. Mama yule alikuwa ameshaenda kituo cha afya mara 3 kabla sijamjua. Mara 3 walimpa vidonge vya infeksio, bila kupima mkojo hata mara moja. Vidonge viliisha, mkojo ukabaki. Hakuwa na maumivu wala kuchomeka, lakini hakuna aliyemuuliza hilo.

Aliyemuuliza swali la maana alikuwa koko mmoja wa kikundi, mzee ambaye kazi yake ni kuchagua mbegu tu sababu mgongo hauruhusu jembe. Siku ya pili alimwita pembeni, mimi nikiwa karibu, akamuuliza: "Pale unakojoaka, sisimizi zinakuyaka?" Mama akanyamaza kidogo, kiisha akasema: "Zinakuyaka mingi, koko."

Koko yule hajasoma Sushruta. Lakini huko India ya kale, kwenye maandishi yenye jina la mganga Sushruta, ugonjwa huo uliitwa mkojo wa asali, na sisimizi wanaoufuata wametajwa. Kwa Wagiriki, Areteo wa Kapadokia, karne ya 2, alieleza ugonjwa ambao mtu anakunywa bila kushiba na maji yanampita kama bomba. Neno diabete lina maana hiyo, kupita katikati. Thomas Willis, Mwingereza, miaka ya 1670, aliandika kwamba mkojo huo ni mtamu kana kwamba umetiwa asali. Ndiyo, kulikuwa na kuonja. Mwaka 1776 Matthew Dobson alichemsha mkojo wa mgonjwa mpaka ukakauka, akabaki na unga mweupe uliokuwa na ladha ya sukari, na akaonyesha kwamba na damu ina sukari. Sababu ya kukojoa ni rahisi kwa mtu aliyesoma udongo: chumvi inavuta maji, na sukari vilevile. Sukari ya damu ikipita kiasi, miligramu 180 hivi kwa desilita, figo zinashindwa kuirudisha yote. Ile inayobaki inatoka na kuburuta maji nyuma yake. Mtu anakojoa, anakauka, anakunywa, anakojoa. Mama anayekataa kunywa maji ili asionekane anaenda, sukari inaendelea kumkausha vilevile, na yeye haongezi kitu upande mwingine. Siku ile ya jua angeweza kuanguka pale pale kwenye maharagi.

Kwa nini kituo cha afya hakikufikiria sukari? Nilimuuliza muuguzi, na jibu lake lilikuwa la kweli kabisa: "Ule mama ni mukondefu. Sukari ni ya bakubwa, ya batu ba matumbo." Sisi wote tunaamini hivyo. Na hata wakubwa wa Geneva wameyumba juu ya jambo hilo. Mwaka 1955, huko Jamaika, daktari Hugh-Jones alielezea wagonjwa wa sukari wasiofanana na aina zilizojulikana, wembamba. Wengine wa namna hiyo walionekana Asia na Afrika, kwenye nchi za njaa. Kulikuwa na wakati mihogo ilishtakiwa, kwa ajili ya ile sumu yake ya sianidi tunayoitoa kwa kuloweka, na kesi haikuthibitishwa. (Nilipumua. Toeni sombe na bugali wa mihogo Kivu, mtuachie nini?) Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliandika kwenye orodha yake aina ya sukari inayotokana na utapiamlo. Mwaka 1999 likaifuta. Mwezi wa nne 2025, kwenye mkutano wao Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likaitambua tena, kwa jina la aina ya 5.

Miaka 70 kutoka Jamaika, na katikati ya miaka hiyo yote kulikuwa na Lwiro, hapa hapa Kabare, pahali ambapo tangu wakati wa Wabelgiji walikuwa wanapima na kutibu watoto waliovimba kwa kukosa protini. Sisi wa agronomi tunapita mbele ya majengo yale kwenda kuona wanyama na kupiga picha. Watoto wa Kivu waliokosa chakula enzi zile, na enzi za vita, wale waliobaki hai ni wamama na wababa wa leo. Shibe yao ya utoto iko ndani ya kongosho zao.

Tulimteremsha mjini siku ya tatu, kwa motari. Walimtoboa kidole asubuhi, hajala kitu. Kuanzia 126 kabla ya kula wanaita ni sukari. Mashine yake ilionyesha 318. Dokta hakumpatia namba ya aina, alimwandikia insulini, na akamweleza kwamba dawa hiyo haikuwepo kabla ya mwaka 1922, kwamba mtu wa kwanza kuchomwa alikuwa kijana wa miaka 14 huko Toronto, Leonard Thompson. Mama alisikiliza yote, kiisha akauliza kitu kimoja: "Kwa hiyo haiko ile ya Panzi?" Dokta hakuelewa kwa nini alianza kucheka na kulia.

Ilibaki shida ya baridi. Insulini haipendi joto, na kwake hakuna umeme wala friji. Hapo angalau nilikuwa na kitu cha kutoa. Tunafundisha wakulima wa nyanya kuweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, juu kitambaa kilicholowa; maji yakikauka yanavuta joto. Tulimtengenezea cha kwake siku ya jumamosi, na koko akachagua kona ya nyumba isiyofikwa na jua. Mchanga anaulowesha asubuhi na jioni. Msimu uliofuata alihesabiwa na wengine kwenye mstari. Kabla ya saa sita alienda mara 3, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kuongea kwenye simu.